Spiriti ya chuo tunaiitaje kwa Kiswahili, na tunaitoa wapi?

mtoto_wa_kuze

Salaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mnisaidie jambo moja dogo lililogeuka kubwa. Mimi niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa kisiwani sitakitaja, na ndiye katibu wa klabu yetu ya drama. Muhula huu tuna wiki ya utamaduni, na mkuu wa wanafunzi kila mkutano wimbo wake ni mmoja, nyinyi hamna spiriti, vyuo vya Nairobi vina spiriti, nyinyi mwaingia saa mbili mwatoka saa kumi kama vibarua wa godauni. Basi tukaona wacha hiyo spiriti ndio iwe mada ya wiki nzima. Kazi ya kutafuta neno la Kiswahili nikapewa mimi kwa sababu natoka Mji wa Kale, ati nimezaliwa nacho.

Nikaandika ROHO YA CHUO. Nikaona imekaa. Bango la mita tatu, likachapishwa Mwembe Tayari, likaangikwa langoni Jumatatu asubuhi. Kufika saa nne nishaitwa ofisini. Lekcha mmoja mtu mzima wa heshima zake aniuliza, "Mwanangu, chuo kimefariki? Maana roho nijuavyo mimi ni ya kutoka." Bawabu naye tangu siku hiyo yuapita mlango wa nyuma, asema kitu kama hicho hakiandikwi langoni, ukikiandika ushakiita. Wenzangu ndio walionimaliza kabisa, hadi leo jina langu ni Ziraili.

Bango limeteremshwa. Lakini tuache mzaha, kuna jambo chini yake. Mazoezi yetu ni saa kumi na moja jioni. Kwenye wasapu tuko ishirini na wawili, wanaokuja ni saba, na katika hao saba watatu wamefuata chai na mahamri. Mwaka jana tulicheza kwenye ukumbi wa viti mia tatu, nikawahesabu watu kutoka nyuma ya pazia, walikuwa kumi na sita, na wawili kati yao walikuwa wangoja mvua ipite. Kwa hivyo nauliza mawili. Hiyo spiriti yaitwaje kwa lugha yetu bila ya kuogofya watu? Na hao waliokuwa nayo waliitoa wapi?

viazi_karai

Andika MZUKA yaishe. Wabongo wasema mzuka umepanda na hakuna anayekimbia

mtoto_wa_kuze

Yakhe mzuka si ndio maiti aliyeamka? Bawabu ataacha kazi.

mwalimu_wa_zamani

Nimecheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia kama ni mzima. Pole mwanangu, lakini hukukosea vile wanavyokucheka. Hilo neno lenyewe la Kizungu limetoka Kilatini, spiritus, na maana yake ya mwanzo ni pumzi, hewa inayoingia na kutoka, basi. Waarabu wana ruhu na rihi, roho na upepo, mzizi mmoja. Sasa njoo kwetu, na kwetu ndipo patamu maana hapa hatukuazima kwa mtu: pepo na upepo. Kupepea, kipepeo, hata peponi, hao wote ni jamaa. Mrumi na Mswahili hawakupata kukaa baraza moja lakini waliona kitu kile kile, kitu usichokiona chenyewe ila waona tanga limejaa.

Ubaya wa roho ni kwamba kwa Kiswahili hukaa ndani ya mtu mmoja mmoja. Ana roho nzuri, ana roho ya korosho, roho iko juu. Yake yeye. Moyo nao ni hivyo hivyo, ingawa moyo angalau watu hutiana. Anachokitaka mkuu wenu ni kitu cha watu wengi kwa pamoja, na hicho kina majina: hamasa, jazba, munkari, ari. Hamasa imechakaa, imemalizwa na semina na mikutano ya siasa. Munkari ni wa ugomvi. Jazba ni ya dakika kumi, mtu hupandwa na jazba uwanjani akamtukana refa, akifika kwake imekwisha, na hili linanisikitisha kidogo kwa sababu asili yake ni neno la masufi, jadhba, kuvutwa, mja avutwe na Mola wake mpaka ajisahau. Tazama lilikoangukia.

Chukua ari. Lakini kwanza ujue lilikotoka. Kwa Kiarabu ari ni aibu, fedheha. Sisi tulilichukua tukaligeuza likawa ile hali ya mtu kukataa kufedheheka. Mwenye ari ni yule asiyekubali kuonekana wa nyuma. Lifikirie hilo kabla hujalipa pesa za bango la pili.

rizki_kwanza

Mimi nitasema lisilopendwa. Mwataka spiriti kwenye chuo ambacho watu hawalali hapo. Mwanafunzi atoka Likoni, kumi na mbili asubuhi yuko kwenye foleni ya feri, avuke, apande matatu, akae darasani mpaka saa nane, saa tisa yuko kwenye kibanda cha M-Pesa cha mjomba wake hadi saa tatu usiku ndio karo ipatikane, huyo wataka aimbe nyimbo za chuo saa ngapi. Zile tunazoona za Marekani, kuwasha moto mkubwa usiku wa kuamkia mechi, kuvaa rangi moja kuanzia kofia hadi soksi, mtu mzima kuingia ndani ya kinyago cha dubu, zile ni za watu ambao chuo ndio mji wao kwa miaka minne. Wametolewa makwao wakatupwa mahali hawajui mtu, lazima watengeneze kitu cha kushikana nacho. Sisi mji tunao tayari. Kijana wa Majengo ana timu yake ya mtaa, ana msikiti wake, ana maskani yake, ana jamaa zake wa kushughulika nao kwenye harusi. Si kwamba hana moyo, amekwisha ugawa, chuo kimekuja nyuma na sahani kimekuta sufuria tupu.

mtoto_wa_kuze

Hili limenichoma kwa sababu hata mimi katibu, mtaani kukiwa na harusi mazoezi naghairi.

bibi_kaniambia

Kaka Rizki hapo kwenye mtaa ndipo penyewe, nataka kupashika kabla mada haijakimbia. Marehemu bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa lelemama, yaani mamake ndiye aliyekuwa kwenye chama na yeye akachukuliwa na kurudishwa akiwa msichana mdogo. Mombasa hii hii kina mama walikuwa na vyama vyao vya ngoma, na vilivyovutana mpaka mji ukagawanyika vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Ukisikia mtu asema wanawake wa zamani walikaa ndani kimya tu, jua hajapata kukaa na bibi yake. Lelemama yenyewe ukiitazama leo waweza kudhani ni ngoma ya upole, wanawake wamejipanga msitari mmoja, mkono wenda taratibu, bega hulijui kama limesogea au macho yako yamekudanganya. Ndani yake ni vita. Wale wakitoka na sare mpya hawa lazima watoke na inayoishinda, wale wakipika pilau la sufuria kumi hawa wapike la kumi na tano, watu waliweka rehani dhahabu zao. Na kila wimbo una mwenyewe wa kuambiwa, hatajwi jina, lakini akiusikia usiku huo halali.

Bibi alinihadithia usiku mmoja ambao habari zilifika saa mbili kwamba wenzao wamebadilisha sare, na ngoma ni kesho. Wakajifungia chumba kimoja, kandili moja, kina mama kumi na kitu, mmoja akata, mwingine apiga bandi, mwingine ashona, na watoto kazi yao ni kutia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yao ni makali. Yeye alikuwa mtia uzi. Mpaka alfajiri, hakuna aliyelala na hakuna aliyelipwa hata senti. Mimi nikamuuliza, bibi kumbe mliipenda sana ngoma. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kupenda? Tungechekwa!"

Sasa nyinyi wa drama mwashindana na nani? Hao wa Nairobi mnaolinganishwa nao hawajui kama mpo.

mzee_wa_tudor

Binti umenirudisha mbali, Mungu amrehemu bibi yako. Mimi nilisoma Poly, hapo Tudor. Nyinyi mwaijua ni Technical University tangu 2013. Baba yangu aliijua ni MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, watoto wakija hadi kutoka Zanzibar kujifunza ufundi. 1966 ikaitwa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, na mimi niliingia 1979. Majina yalibadilika lakini karakana ni zile zile, na neno spiriti hatukulijua ila ile ya kusafishia vidonda. Tulichokijua ni kwamba mtu wa mekanika hawezi kukubali kushindwa kitu chochote na mtu wa umeme. Kandanda, kuvuta kamba, ngoma, hata kumaliza ugali. Wiki ya michezo sisi tulifua tarumbeta moja kutokana na bomba la maji na ikalia, vibaya lakini ikalia, umeme wakaleta spika ya kubwata, tukaikata waya. (Hili sikumwambia mtu miaka arobaini.)

Na hilo la tarumbeta si letu, tulilirithi. Babu yangu alikuwa mtu wa beni. Beni ilianza pwani hii yetu mwisho mwisho wa karne ya 19, watu waliona bendi za Wazungu na gwaride zao wakazichukua wakazifanya ngoma, na vyeo juu. Ikateremka hadi Tanganyika, huko makundi yake yakajulikana kama Marini na Arinoti. Mtu mchana ni kuli wa kubeba magunia, jioni ni jenerali, ana mkanda, ana fimbo, na watu wake wampigia saluti kikweli kweli. Kuna waliowacheka ati wanaiga. Mimi nilimuona babu akipiga pasi ile kaptula yake akiwa na miaka sabini na kitu na sikuona mtu aliyekuwa anaiga.

viazi_karai

mzee hiyo ya waya umeikiri mbele ya watu 😂 umeme wakija hapa mimi sipo

mwana_jukwaa

Habari zenu, mimi nafundisha drama huku Kwale na nimekuwa nikisoma tu. Mwatafuta neno lisiloogofya lakini mimi naona mmekimbia pepo mapema mno. Shangazi yangu ni mganga wa pepo, sioni haya kusema, nimekua nikibeba vyungu vyake. Na wallahi kila ninachojua cha kuongoza mazoezi nilikiona kule kabla sijaingia chuo cha ualimu.

Kwanza pepo haji kwa sababu umemtaka. Kila pepo ana mdundo wake, ukimpigia wa kirohani ngoma ya kimasai mtaumia mikono bure, hainuki mtu. Ataka harufu yake, kama ni udi ni udi kama ni marashi ni marashi. Ataka kiti, ndivyo anavyoitwa yule mtu anayepandwa, na kiti hakiokotwi njiani hutayarishwa siku nyingi. Na ataka waitikiaji. Hili watu hulisahau kabisa. Nimeona ngoma nzima ikalala, mafundi wazuri, kiti yuko tayari, kwa sababu wanawake waliokuwa nyuma wa kuitikia walikuwa waonyeshana picha za harusi kwenye simu. Shangazi alisimamisha kila kitu akasema leo turudi nyumbani. Hakukasirika hata. Alijua tu kwamba hapo hakuna mahali pa kuja mtu.

Sasa hebu ewe katibu jiulize, hao saba wako wana mdundo? Mwakutana siku ile ile, saa ile ile, chumba kile kile? Au leo ukumbini, kesho chini ya mwembe, kesho kutwa imeghairiwa kuna harusi?

Mimi nikiwa sekondari tulichukua kipande cha Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969, ya habari za Maji Maji. Shule ya wasichana watupu kwa hivyo Kinjeketile ni mimi. Pale ambapo Hongo, yule pepo wa maji, anamuingia mimi nilifanya kila kitu, nikapiga kelele, nikatetemeka, nikagaagaa mpaka sare ikachanika begani. Mwalimu akasema hilo ni pepo la filamu. Akanivua viatu. Akanisimamisha peke yangu ukumbini baada ya masomo, akasema vuta pumzi hadi chini ya kitovu na usifanye kitu kingine. Siku ya kwanza nililia kwa hasira. Siku ya pili nikachoka. Siku ya tatu ile simenti ilikuwa baridi, mvua ilikuwa imenyesha, nikahisi ile baridi yapanda kutoka kwenye nyayo, magotini, mgongoni, na nilipofungua mdomo kusema lile neno la kwanza sauti iliyotoka sikuijua ni ya nani. Kulikuwa na msichana wa zamu akifagia huko nyuma. Ufagio ulinyamaza. Sikuangalia nyuma lakini niliusikia ukinyamaza.

Hakuwa jini. Ilikuwa ni pumzi na miguu na siku tatu.

ustadh_wa_baraza

Wa aleikum salaam. Dada wa Kwale nakuheshimu lakini mambo ya pepo na vyungu tusiyapambe sana mbele ya vijana, wako wanaoyasoma wakayafanya. Hilo nimelisema nimelimaliza.

Ila kuna jambo sijaona mtu amelitaja. Nyote mwasema chuo kana kwamba ni neno la universiti. Chuo kwetu kabla ya yote ni kitabu, na ni madrasa, mtoto hupelekwa chuoni na ubao wake kabla hajang'oka meno ya utoto. Kwa hivyo mkitaka kujua moyo wa chuo nendeni Lamu mwezi wa Maulidi. Msikiti wa Riyadha uliasisiwa na Habib Saleh, na yeye alipoyatia matari katika kusoma maulidi wako wanazuoni wakubwa waliompinga, wakaona ngoma imeingia msikitini. Leo nendeni mkawaone wanafunzi wa hapo siku ya zefe, yale maandamano ya maulidi. Safu mbili, kanzu nyeupe, bakora mkononi, wainama pamoja na kuinuka pamoja, tari zikikolea utaona mzee wa miaka themanini machozi yamtoka na hajijui. Hiyo ndiyo jadhba aliyoitaja mwalimu kabla haijapelekwa uwanjani. Na wale vijana hawaendi kwa sababu ya bango. Waenda kwa sababu walio mbele yao walienda.

mwana_jukwaa

Ustadh nimekuelewa na sikushindi kwa adabu. Lakini tari zikikolea na ngoma ikikolea, neno ni moja.

ustadh_wa_baraza

Neno ni moja. Njia ni mbili. Tuishie hapo binti yangu, adhana imekaribia.

mwalimu_wa_zamani

Dada wa Kwale, hizo nyayo zako zimenifanya nitafute daftari la zamani. Kuna mshairi wa Uhispania, Federico García Lorca, mwaka 1933 alitoa mhadhara Buenos Aires juu ya kitu wanachokiita duende. Kwa watu wa kawaida huko duende ni kijini kidogo cha nyumbani cha kusumbua watu, cha kuficha vitu. Lorca akalichukua neno hilo akasema ndicho kinachomtofautisha mwimbaji anayeimba vizuri na yule anayekusimamisha nywele. Asema alimsikia mpiga gita mmoja mzee akisema duende haimo kooni, hupanda kutoka kwenye nyayo. Sasa Mhispania wa 1933 na msichana wa shule Kwale, nani alimwambia mwenzake?

Na yeye pia hakuona haya kutumia jina la jini. Labda bango lako halikuwa baya sana ewe Ziraili.

Nyongeza kwa bibi_kaniambia: hiyo "tungechekwa" ndiyo tafsiri bora ya ari niliyopata kuisikia, na nimefundisha Kiswahili miaka thelathini. Ukirudi nyuma ya lelemama utaikuta kwa Muyaka bin Haji, mwanzo wa miaka ya 1800, Mombasa na Lamu zikiwa kwenye uhasama na mashairi yavuka bahari kujibizana. Mimi huamini angekosa wa kumjibu angeandika nusu ya alichoandika. Hilo ni wazo langu tu.

rizki_kwanza

Sawa nimesoma yote. Bado sijaona nani atamlipia yule kijana nauli ya feri akichelewa mazoezini. Lakini nakubali jambo moja, kama moyo wake ushagawiwa mtaani basi msimuombe auhamishe, mchukueni na mtaa wake.

mtoto_wa_kuze

Narudi baada ya wiki tatu. Samahanini kwa kunyamaza, na nitasimulia ndefu kidogo.

Nilichukua lile la mwisho la Rizki nikalitia kwenye la bibi. Klabu tuliikata mbili. Wa Ng'ambo, yaani Likoni na Mtongwe, na wa Kisiwani. Wa Nyali na Kisauni wakalalamika wao wako wapi tukawapigia kura ya sarafu, wakaangukia Kisiwani wakanuna. Patroni alikataa mwanzo, akasema mtaleta fujo, nikamwambia mwalimu sasa hivi hatuna hata watu wa kufanya fujo. Kila upande igizo la dakika ishirini, mada ni moja, feri. Siku ya mazoezi ni moja na chumba ni kimoja, zamu kwa zamu, hilo nimelichukua kwa dada wa Kwale.

Wiki ya kwanza kimya. Watu tisa jumla. Nikajua tumeshindwa tena.

Wiki ya pili ikatoka video kwenye wasapu. Kumbe Ng'ambo kwa sababu wote huvuka pamoja jioni, wameanza kufanyia mazoezi ndani ya feri yenyewe. Si onyesho, wamesimama tu karibu na baiskeli na mikokoteni ya machungwa wakisema mistari yao kwa sauti, na yule mmoja mnene anayefanya mama wa kuuza samaki alipofika pale pa kugombana na kijana aliyemkanyagia ndoo, mama mmoja abiria, wa kweli kabisa, akaingilia akamtukana yule kijana. Alidhani ni ugomvi. Feri nzima ikacheka. Video ilikuwa ya sekunde arobaini na ilisambaa chuo kizima kabla ya isha.

Kesho yake Kisiwani walikuja kumi na watano bila kuitwa. Hakuna aliyeuliza chai. Msichana mmoja ambaye tangu ajiunge sijapata kumsikia sauti yake alisema maneno mawili tu, "wametuweza," akavua viatu. Sijui kama husoma hapa. Sikumuuliza.

Fujo patroni aliyoitabiri ilikuja, si uongo. Ngoma ya klabu ni moja na Kisiwani waliificha siku mbili kabla ya onyesho, hadi sasa hakuna aliyekiri, na mimi mwenyewe ni wa Kisiwani na sikuiuliza kwa nguvu sana. (Mzee wa Tudor nakuelewa sasa.) Ng'ambo walikuja na mtungi wa maji wa plastiki wa lita ishirini wakaupiga ule, na wallahi ulilia kuliko ngoma. Ukumbi viti mia tatu, sitasema ulijaa, lakini nyuma kulikuwa na watu wamesimama na hakukuwa na mvua. Waamuzi waliwapa Ng'ambo. Tumewakatia rufaa.

Sasa la bango. Nilimsikiza mwalimu, nikaandika kwenye karatasi ARI YA CHUO, nikatuma kwa simu, nikampigia na yule wa Mwembe Tayari kumhakikishia. Yeye akasikia anavyosikia. Bango likaja asubuhi ya onyesho, kubwa, rangi nzuri, herufi nyekundu: HARI YA CHUO. Hakuna muda wa kuchapisha jingine na hakuna pesa. Nikasema basi, mwaka huu nitaitwa jina jingine.

Tukaliangika vivyo hivyo. Feni za ukumbi mbili hazifanyi kazi, saa kumi na moja jioni, watu wamebanana, na yule lekcha mtu mzima alikuwa amekaa msitari wa mbele kitambaa mkononi, shati limegandamana mgongoni. Alisoma bango, akajifuta shingo, akanigeukia akasema, "Leo mwanangu umepatia."